Hodi Tatu za Pango la Juani

Harufu ya mawe yanayochomwa kuwa chokaa hunikausha koo hadi leo. Nikipita penye tanuri, mara najiona tena pangoni kwetu, kisiwani Juani, nimebanwa kati ya magoti ya Shangazi Mize, mikono yote miwili mdomoni. Kisa hiki nimekianza mara nyingi nikakifuta, maana kuandika nilijifunza mwenyewe, na huogopa kukosea hata nukta. Leo sifuti.

Pango lile lilikuwa shimo katika mwamba wa matumbawe, na ngazi zake zimelainishwa na nyayo. Chini, mto ulipita gizani. Bahari ikijaa, maji yalipanda, ikikupwa, yalishuka, ila ya juu yalikuwa matamu, na kijiji kizima hakikuwa na mengine ya kunywa. Mikunga, wale samaki kama nyoka, ilijipinda kati ya mawe, komba walilala kwenye mizizi, na popo walining'inia darini kama nguo kuukuu. Hakuna aliyekata kijiti pale wala kumtupia popo jiwe. Wachotaji tulikuwa sisi wanawake, na wengine walioga mbele, mto unakoelekea, kwa hiyo mwanamume mwenye haja alisimama mlangoni akabisha hodi mara tatu. Asipojibiwa "karibu", alirudi alikotoka.

Mdachi, yule Mjerumani aliyetutawala, alikuwa akijenga kisiwani Chole, ng'ambo tu ya mkondo, na alitaka chokaa. Msimamizi wake, mtu wa mrima, pwani ya bara, aliyevaa viatu hata mchangani, akauona mwamba wetu ndio mwepesi kuvunjwa. Wazee walimsihi, akawacheka. Kesho yake alfajiri Shangazi alituongoza wanawake wote pangoni, watoto wa kike tukiwemo.

"Leo hakuna karibu," alisema. "Atakayejibu nitamwoza kwa komba."

Nilikuwa mtoto wa kuitikia salamu kabla haijaisha. Kuacha hodi bila jibu kulinitia hofu kuliko msimamizi mwenyewe.

"Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya Kombo, jirani yetu, aliyeshurutishwa kubeba mtaimbo pamoja na vijana wengine.

"Unambishia nani? Mawe?" msimamizi akafoka.

"Ndiyo desturi, bwana. Ukimkuta mke wa mtu hajajisitiri, uso utauficha wapi? Hodi!"

"Karibu" ikanijaa kinywani. Nikaimeza. Ikatafuta njia ya puani: nikapiga chafya, na mwangwi ukaizungusha pango zima.

"Nani huyo?"

"Popo, bwana."

"Popo hupiga chafya?"

"Wa kwetu hupiga, bwana. Wana mafua."

Magoti ya Shangazi yalitikisika kwa kicheko alichokibana. Kisha Kombo akabisha ya tatu, kwa sauti kubwa kuliko zote.

"Zimetimia tatu, bwana, na hakuna jibu," alisema. "Mwenye dini hurudi. Lakini wewe ingia tu, sisi tutakungoja hapa."

Tuliviona viatu vyake kwenye ngazi ya kwanza. Vikasita. Vikageuka.

Alitutukana hadi ufukweni, ila mwamba wetu haukuguswa. Jioni ile Kombo alichapwa viboko, kwa ukaidi, walivyosema.

Shangazi alinituma nimpelekee uji. Nilimkuta amelala kifudifudi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Yule popo amepona?"

Nikamjibu kwa dhati kwamba popo hajambo. Nilidhani kweli ameamini ni popo. Kwa miaka mingi nilisimulia kuwa ni sisi wanawake tuliomshinda msimamizi, na mimi mwenye chafya nusura niharibu kila kitu.

Sasa mimi ni mtu mzima, na najua hakuna mtu wa Juani asiyeijua chafya ya mtoto wa jirani yake. Kombo alijua tumo ndani. Alijua pia ni mgongo wa nani utakaolipa. Ndiyo maana ile hodi ya mwisho aliipaza: hakuwa akiomba kuingia, alikuwa akitusihi tusiitike.