Injini Kwa Meza ya Mama

Jirani akiosha spea za pikipiki na petroli, hiyo harufu inanirudisha kwa chumba chetu kimoja, mtaa wa Ziwani. Baba alikuwa anafufua pikipiki ya zamani, na injini ilikaa kwa meza miezi mingi.

Ikafika zamu ya kwanza ya Mama kukaribisha wamama wa kanisa.

"Mzee, toa hiyo kitu. Wageni wanakuja."

"Nikiisongesha, skrubu zitapotea."

Mama akaifunika na kitambaa chake kipya, cheupe, cha kufuma. Katikati ya wimbo, oili ikapenya. Wimbo ukaisha vibaya.

Kiongozi akauliza kama kuna maombi.

"Ombeeni hiyo pikipiki iwake," Mama akasema, "nipate meza yangu."

Baba, pale mlangoni, akaitikia amina kwa sauti kutushinda wote.