Kamati ya Ubatizo na Bia za Mapipa

Sijui nani aliwaambia wanaume wa kwetu kwamba mtoto habatizwi bila kamati, na kamati haikai bila bia. Tanzania tulizoea: iwe harusi, iwe ubatizo, watu wanakutana baa, mwenyekiti anafungua kikao, mhudumu anauliza baridi au moto. Sasa desturi hiyo wakaja nayo mpaka Minneapolis, na mtoto wa kubatizwa alikuwa wangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, baa zinazopika bia zao zenyewe zilipoanza kufunguliwa mjini kwenye maghala ya zamani. Mume wangu na wenzake wakachagua moja wakaiganda. Mapipa ya shaba yamewekwa nyuma ya kioo uyatazame. Bia ya mchele mwitu wa maziwani, bia ya matunda, bia nyeusi yenye ladha ya ukoko wa ugali. Ile nyeusi niliionja mara moja, nikaona hata mimi ningeweza kuitengeneza, tena kwa bahati mbaya.

Tuliishi Hopkins, nje kidogo ya mji, kwenye ghorofa kuukuu la kupanga. Nilikuwa nimepata kazi ya kutunza wazee huko Anoka, lakini basi la kunifikisha kwa zamu ya alfajiri hakuna, na msimamizi alisema wazi: Jumatatu uje na leseni, la sivyo nafasi nampa mwingine. Mtihani wa udereva ulikuwa Ijumaa alasiri. Unakwenda na gari lako, na njiani lazima mwenye leseni akae pembeni yako. Gari na leseni alikuwa navyo mume wangu. Ofisini kwake Golden Valley walimruhusu atoke mapema.

"Napitia kikao kidogo tu, mama," aliniambia asubuhi. "Saa saba niko mlangoni."

Saa saba ikapita, mlangoni hakuna mtu. Nikambeba mwanangu mgongoni kwa kanga, koti juu yetu sote wawili, nikapanda basi kwenda mjini. Nilijua pa kuwapata.

"Karibu shemeji!" mwenyekiti alipaza sauti. Huyu mwenyekiti mwenyewe hana mke wala mtoto. "Njoo uonje. Tunachagua bia ya sherehe."

"Sherehe ya nani? Mwenye sherehe ananyonya."

Wakacheka. Mume wangu akainuka, mkono mmoja umeshika meza. "Nimekunywa mbili tu, mke wangu. Haki ya Mungu."

Kilichonichefua zaidi ni kwamba hakuwa anadanganya. Kwetu chupa tupu zinabaki mezani mpaka unapoondoka. Mwanamume anatazama mstari wake anajijua, na mkewe akiingia anajua pia. Hapa bia inatoka bombani, ukimaliza glasi msichana anaichukua, anafuta meza, analeta nyingine. Meza safi kama altare! Wote pale walikuwa wamekunywa mbili tu tangu wakae.

"Nipe funguo."

"Utakwenda na nani? Twende, niko sawa."

"Wewe? Mtahini akikunusa ananifelisha kabla sijawasha gari."

Hapo akasimama katibu wao, mtu wa Tanga, Mwislamu. Usiulize Mwislamu anafanya nini kwenye kamati ya ubatizo. Tulikuwa wachache mno kule, kila kamati watu ni walewale. Mbele yake palikuwa na soda.

"Leseni ninayo, shemeji. Twende zetu."

"Katibu, unatoroka kikao?" mwenyekiti akalalamika.

"Kikao gani? Tangu tukae hapa mmejadili povu tu."

Nikaendesha mimi, yeye pembeni, mtoto kwenye kiti chake nyuma. Kwenye kituo cha mtihani akampakata mwanangu chumba cha kusubiria, mimi nikaingia barabarani na mtahini, mzee mkimya mwenye kalamu sikioni. Nilidhani hasira itaniharibia. Wapi! Mikono ilitulia kama ya fundi cherehani. Nikarudi nyuma katikati ya vigingi vya kupimia maegesho bila kugusa hata kimoja. Mzee alisema neno moja tu la kunikosoa, kwamba nakanyaga breki kama namkanyaga mtu. Hakukosea. Akanipasisha.

Tukarudi mjini kumshusha shemeji yangu huyo wa Tanga kwenye gari lake. Kamati nzima ilikuwa imesimama nje ya baa, imejikunyata ndani ya makoti.

"Amepata!" shemeji akawatangazia dirishani.

Vigelegele vya kiume, vibaya kabisa. Mwenyekiti akainua mikono. "Hongera shemeji! Tumeshapitisha azimio. Kuanzia leo wewe ni dereva wa kamati. Sisi tunakunywa, wewe unatufikisha majumbani."

"Hakuna aliyepinga," akaongeza mume wangu, anatabasamu kwa fahari, mkono tayari kwenye kitasa cha mlango.

Shemeji akateremka upesi. Nadhani aliuona uso wangu. Nikafunga milango yote kutoka ndani, nikateremsha kioo kidogo.

"Na mimi azimio langu lisikilizeni. Mtoto atabatizwa kwa chai na maandazi. Kamati imevunjwa. Na Jumatatu gari linakwenda Anoka."

"Sasa mama, mimi nitarudije nyumbani?"

"Basi la Hopkins liko kona ile. Nimelipanda leo na mtoto mgongoni, halina shida."

Nikawasha taa ya kuonyesha, nikatazama kioo kama nilivyofundishwa, nikaingia barabarani.