Viwanda Vitatu vya Pamba na Mshahara wa Shemeji

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa marobota katika kiwanda cha kuchambua pamba pale Shinyanga mjini. Kutwa nzima nilisimama karibu na mtambo wa kushindilia. Kila robota lilipotoka limefungwa mikanda ya chuma, nililipiga chapa ya kiwanda kwa wino mweusi, nikaandika uzito wake daftarini, nikangoja jingine. Vumbi la pamba liliingia puani na kooni, na jioni nikikohoa natoa nyuzi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, lakini nikipanda ngazi za stoo nilikuwa nasimama katikati kupumua.

Mjini vilikuwapo viwanda vitatu vya namna hiyo. Chetu kilikuwa karibu na reli, cha pili upande wa Ngokolo, cha tatu kwenye barabara ya kwenda Kahama. Matajiri wenye viwanda hivyo waligombania malori ya pamba kila msimu, lakini Ijumaa jioni uliwaona wamekaa kibaraza kimoja wanakunywa chai. Sisi wafanyakazi ndio hatukuwa tukijuana. Kila mmoja aliamini kwamba viwanda vile vingine vinalipa vizuri zaidi.

Mimi niliamini kuliko wote, kwa sababu ya dada yangu. Mume wake alikuwa msaidizi wa fundi katika kiwanda cha Ngokolo, na mshahara wake ulijulikana mtaa mzima. Dada hakuuficha. Alikuwa na cherehani, watoto wake walivaa viatu, na kila Krismasi alimpelekea mama yetu kanga mbili na kilo kadhaa za sukari. Mimi nilipeleka nilichopata. Mama hakunilaumu, ila aliuliza tu, kwa upole, kama kazi ya kuandika haina malipo. Nilijibu kwamba ipo siku wataongeza. Nilijibu hivyo miaka sita.

Msimu mmoja pamba ilijaa hadi ikalala uani chini ya maturubai. Tulifanya kazi mpaka siku za Jumapili. Watu wakachoka, wakamtuma nyapara kwa tajiri kuomba nyongeza. Tajiri wetu hakuwa mtu wa kufoka. Alitoka ofisini saa sita mchana, akasimama kwenye mizani mbele yetu sote.

"Mnasema wenzenu wanalipwa zaidi," alisema. "Nendeni mkaulize. Mkiniletea kiwanda kinacholipa zaidi yangu, mwezi ujao nami nitalipa kama hicho. Karani wenu anajua kuandika, aandike."

Alinitazama, akarudi ndani. Nadhani alijua kazi aliyonipa.

Kwanza nilikwenda kiwanda cha barabara ya Kahama, Jumapili moja tuliyopewa mapumziko. Mpika moto wa boila alinipokea vizuri, tukakaa juu ya magogo ya kuni. Alipata shilingi mbili zaidi ya mpika moto wetu. Nikaandika, nikafurahi. Kisha akauliza, "Ninyi mnapewa posho?" Nikamwambia tunapewa unga na maharage kila wiki. Yeye alikuwa hapewi. Tukapiga hesabu ya unga kwa bei ya sokoni, na zile shilingi mbili zikaisha, hata ikabaki deni upande wake. Akachokoa udongo kwa kijiti.

"Basi ninyi ndio mko vizuri," alisema.

Kwetu kipande, ile kadi ya kulipiwa mshahara, kilijaa kwa siku thelathini za kazi, na ukiugua siku moja haiandikwi. Kwao ilikuwa ishirini na sita, lakini ukichelewa king'ora unakatwa nusu siku. Niliandika kurasa nne na bado sikuweza kusema nani anapata zaidi.

Pale kwetu alikuwapo mzee mmoja wa kubeba mbegu, aliyewahi kufanya kazi Geita kwenye mgodi wa dhahabu, katika mtambo wa kusaga mawe. Nilimuuliza na yeye, maana watu walikuwa wakiitaja Geita kama mbinguni.

"Kule walilipa zaidi," alisema. "Lakini duka lilikuwa moja, na bei ilikuwa yao. Na lile vumbi la mawe si kama hili la pamba. Hili unalikohoa linatoka."

"Sasa kwa nini ulikuja huku?"

"Nilisikia pamba inalipa."

Alisema bila kucheka, akajitwika gunia lake, akaenda.

Idadi ya watu niliipata kwa miguu. Asubuhi tatu niliamka mapema, nikasimama mbele ya lango la kila kiwanda kabla ya king'ora, nikahesabu walioingia. Wengine walinisalimia, "Mwangaluka," wakidhani natafuta kibarua, nami naitikia huku midomo inahesabu. Siku mbili kati ya hizo nilifika kazini kwetu nimechelewa, na nyapara alinifichia.

Mapato ya matajiri hakuna ambaye angenionyesha. Lakini marobota yote ya mji yalipita stesheni, na kila robota lilikuwa na chapa ya kwake. Karani wa mizigo pale stesheni tulisoma naye shule ya misheni. Akanifungulia daftari lake kwa muda wa chakula cha mchana, nikanakili. Nilipoweka marobota upande mmoja na watu upande mwingine, niliona jambo ambalo mgongo wangu ulikuwa unalijua siku zote. Kiwanda chetu kilitoa marobota mengi kuliko vyote, na watu wetu walikuwa wachache kuliko wa Ngokolo.

Likabaki jambo la shemeji. Wafanyakazi wetu wa mitambo walikuwa wameweka matumaini yao yote kwake. Msaidizi wa fundi wa kwetu alipata karibu nusu ya kile dada alichokuwa akikisema. "Peleka hiyo peke yake," waliniambia, "tajiri atakosa pa kushika."

Nilikwenda kwao Ngokolo Jumapili nyingine ya mapumziko, mchana. Dada alikuwa anashona uani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Hawakupi chakula huko?"

Shemeji alitoka ndani amevaa shati safi. Alikuwa mtu wa maneno machache, amenizidi miaka kumi, vidole vyake vimekatwakatwa na visu vya mashine. Nilieleza nilichofuata. Kabla hajafungua mdomo, dada alikitaja kiwango chenyewe, kwa sauti, akiendelea kukanyaga cherehani. Nikamtazama shemeji. Akatikisa kichwa kukubali, nami nikaandika.

Tulikula ugali na nyama. Nilipoaga, alinisindikiza. Tulitembea mpaka tukapita nyumba za mwisho, kisha akasimama.

"Ile uliyoandika, ifute," alisema.

"Niifute vipi, shemeji?"

"Mimi napata chini ya msaidizi wa fundi wa kwenu. Tofauti ni shilingi nne hivi. Miaka yote."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Akaeleza taratibu, akitazama barabara. Baba yake alimwachia ng'ombe huko Ushetu, wanachungwa na kaka yake. Kila miezi michache alimwandikia kaka auze mmoja, fedha ziletwe na dereva wa lori la tumbaku. Alizichanganya na mshahara, akampa dada kama mshahara. Cherehani ilikuwa ng'ombe. Viatu vya watoto vilikuwa ng'ombe. Hata kanga za mama yangu.

"Nilipokuja kuposa, baba yenu aliniuliza napata kiasi gani," alisema. "Nikataja. Nilitaka anipe binti yake. Toka siku ile nimekuwa nikilipa kile nilichotaja."

"Wamebaki wangapi?"

"Wanne. Na ndama."

Nilikuwa na hasira, lakini haikuwa na nguvu. Nilifikiria miaka sita ya kumjibu mama. Nilimfikiria pia yeye, amelala kando ya dada anahesabu ng'ombe. Nikamwambia, "Lakini nitaisoma mbele ya watu. Watu wetu wanaisubiri. Nikisoma ya kweli, dada atasikia."

"Najua."

"Na nikisoma ya uongo?"

"Tajiri wenu atamuuliza tajiri wetu. Wanakunywa chai pamoja." Alijifuta uso kwa mkono. "Soma ya kweli. Mimi nimechoka."

Wiki ile yote nilikaa na hesabu hiyo. Wenzangu waliniuliza kama nimeipata, nikawaambia nimeipata, na walifurahi. Nilijua kwamba nikisoma ile ya kweli tajiri atatushinda, na nyumba ya dada itawaka moto. Nilijua pia kwamba ile ya uongo haitamaliza siku mbili. Mwishowe niliandika ya kweli, si kwa ushujaa wowote. Sikuwa na nguvu ya kubeba uongo wa mtu mwingine juu ya kazi niliyokuwa nayo.

Jumamosi saa sita mchana tulikusanyika pale kwenye mizani. Nilisoma kiwanda cha barabara ya Kahama na shilingi zake mbili. Tajiri akauliza, "Na posho?" Nikasema hakuna. Nikasoma cha Ngokolo. Nilipofika kwa msaidizi wa fundi, sauti yangu ilishuka, na nyapara akaniambia nirudie. Nikarudia. Watu wa mitambo wakatazamana. Mmoja akasema, "Si hivyo tulivyosikia." Nikasema ndivyo nilivyoambiwa na anayelipwa.

"Basi mmeona," alisema tajiri.

"Bado, tajiri," nikasema. Nikasoma marobota na watu. Nilieleza kwamba mtu mmoja wa kwetu anatoa marobota ambayo Ngokolo hutolewa na mtu mmoja na nusu, na mshahara ni karibu ule ule. Waliokuwa wanakula uani wakaacha.

Tajiri hakukasirika. "Hiyo ni mashine," alisema. "Nilinunua mashine mpya, wao wana za zamani. Mashine ndiyo inayofanya kazi, na mashine nimeilipia mimi."

Yule mzee wa mbegu akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida, "Mashine haijibebei pamba."

Tajiri aliuliza marobota ya wengine nimeyajulia wapi. Nikasema niliyaona yanapakiwa kwenye mabehewa. Akaingia ofisini. Baada ya wiki mbili posho iliongezwa chumvi na kipande cha sabuni, na vibarua wa mtambo wa kushindilia waliongezwa shilingi moja. Mimi nilitolewa kwenye daftari la marobota nikapelekwa stoo ya mbegu, kuhesabu magunia gizani. Mshahara ulibaki ule ule. Karani wa stesheni hakuguswa, na hilo lilinipa nafuu.

Dada alikuja nyumbani kwangu jioni ya Jumatatu. Hakukaa.

"Mtaani wanasema umesoma mshahara wa mume wangu."

"Sikumtaja jina, dada."

"Msaidizi wa fundi pale Ngokolo ni mmoja tu. Ulijua hilo?"

"Nilijua."

"Ni kweli ulichosoma?"

"Ni kweli. Alinieleza mwenyewe."

Alisimama mlangoni akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Nilitazamia atalia, au atamtukana mumewe. Hakufanya hivyo.

"Ungeandika alichokubali mbele yangu," alisema. "Mimi ningemuuliza siku yangu, chumbani kwangu. Sasa nimeulizwa na watu kisimani."

Aliondoka, na kwa zaidi ya mwaka hatukusemeshana ila kwenye msiba mmoja.

Shemeji alimaliza msimu, akaacha kazi. Waliuza cherehani, wakahamia Ushetu kwenye wale ng'ombe waliobaki, wakaanza kulima tumbaku. Siku ya kuondoka nilikwenda kuwasaidia kupakia lori. Dada alinipa mizigo bila kunitazama. Shemeji alipanda juu ya magunia na watoto, akanipa mkono kutoka huko juu. Uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyeshusha kitu kizito na bado mabega yanauma.

"Pumzika, shemeji," aliniambia.

Nilicheka kidogo, maana ilikuwa Alhamisi na nilikuwa nimeomba ruhusa ya saa moja tu. Lori lilipoondoka nilirudi stoo. Magunia ya mbegu yalikuwa yamefika dari, na nyapara alikuwa ameshaanza kuyahesabu bila mimi. Nikavua shati, nikaanza upya kutoka mlangoni.

Mama aliendelea kupelekewa sukari, siku hizo na mimi peke yangu, nusu kilo kwa mara moja. Hakuuliza tena kuhusu malipo ya kazi ya kuandika. Nafikiri dada alikuwa amemweleza yote kabla ya kuhama, lakini mama hakuniambia, nami sikumuuliza.