Mtoto wa Mama Kageha wa Mashimoni

Ninaikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, siku ambayo diploma yangu ilinyamaza kimya nikabaki peke yangu mbele ya watu. Nakusimulia wewe unayetoka chuoni mwaka huu, unayekwenda kufundisha watoto wadogo, ili ukifika mbele ya wazazi ujue wanachokuuliza.

Usinione hivi. Nilianza nikiwa yaya kule Lavington, nikifukuzana na watoto wa watu uani, kitambaa cha makamasi mkononi. Familia niliyoifanyia kazi ilipohamia Uingereza ikanichukua. Mchana nililea, jioni nikasoma, na hakuna mjomba wala mfadhili anayeweza kusema alininunulia hata kalamu. Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Nilirudi miaka ya tisini nikiwa na diploma ya malezi na elimu ya watoto wadogo, na mtaa mzima wa Kawangware, Nairobi, sikumwona mwenzangu mwenye nayo. Nasema bila haya. Chema chajiuza, ni kweli, lakini hata nyanya nzuri sokoni hupangwa juu ya fungu.

Kanisa moja la mabati pale Kawangware likaniazima ukumbi wake siku za kazi, nifungue nasari. Nilipaka kuta rangi, nikageuza magurudumu ya zamani kuwa viti, nikaitundika diploma kando ya mlango, ambapo hakuna mzazi ambaye angeingia asiione. Mwanzoni watoto walijaa. Kisha wakaanza kupungua. Huyu leo mgonjwa, yule kesho amepelekwa kwa nyanya yake, na wote ukiwatafuta wako nyumbani wanacheza mtaroni. Mzee wa kanisa, mtu mpole, akaniita pembeni akaniambia yuko fundi wa makochi anayeutaka ukumbi. Wazazi wangekutana Jumamosi. Wakiamua kubaki, nasari ibaki. Wakitoka, fundi aingie.

Nikaenda Kibera kwa senje wangu, dada ya baba, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika kijiji cha Kisumu Ndogo. Mmaragoli yule alikaa katikati ya Wajaluo akiwatania kwa lugha yao hadi wakasahau kwamba si wao. Nilimkuta akipepeta omena, nikalia shida zangu.

"Hao wazazi wanakuuliza nini?" akasema.

"Wananiuliza mimi ni nani, Senje. Kila siku wananiuliza, na kila siku nawajibu."

"Unawajibu nini?"

"Kwamba nina diploma ya Uingereza."

Akaweka ungo chini. "Mmbone, mtu wetu akikuuliza wewe ni nani, anakuuliza wewe ni wa nani. Mama yako nani, ulizaliwa mlango upi, ukikosea aende kupiga hodi kwa nani. Wewe unamwambia umesoma wapi! Na aliyetoka Uingereza si atarudi Uingereza? Walimu wangapi wamefungua nasari hapo, na watoto wakishawazoea wanahama? Mkataa kwao ni mtumwa. Mama yako umemtaja kwa hao watu hata siku moja?"

Sikuwa nimemtaja.

Acha nikuambie juu ya marehemu mama, mwanangu, maana namshukuru kila ninapoamka. Alitoka Maragoli akimfuata baba, fundi wa mbao, wakapanga chumba kimoja Mashimoni, huko huko Kibera, karibu na kioski cha maji. Wanawake waliokwenda alfajiri kufua nguo katika nyumba za watu walimwachia watoto. Alitandika mkeka mlangoni, akawapikia uji wa wimbi, akawaimbia nyimbo alizoimbiwa na mama yake, akawafundisha kuhesabu kwa visoda. Kwa hiyo ukisikia nikijisifu kwamba kazi hii nilianza kuisoma nikiwa na miaka mitatu, si uongo. Uingereza walinipa cheti, na nawashukuru, lakini mbegu ilipandwa Mashimoni.

Jumamosi ikafika. Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Otieno, mshonaji nguo, mikono kifuani.

"Teacher, tusifichane. Tunasikia tikiti ya ndege iko ndani ya mkoba. Utatuachia hawa watoto wakilia Teacher, Teacher, na Teacher yuko juu ya mawingu."

Watu wakacheka. Mkono wangu ukaanza kuelekea kule mlangoni, kwenye diploma, kwa mazoea. Nikaurudisha.

"Mimi ni Mmbone," nikasema. "Sisi ni watu wa Maragoli. Baba alikuwa fundi wa mbao. Mama ni Mama Kageha, aliyelea watoto Mashimoni, karibu na kioski cha maji. Ndani ya mlango ule ndimo nilimozaliwa. Tikiti sina."

Kisha nyuma kabisa akainuka mwashi mmoja, simiti bado kwenye viatu.

"Ngoja kwanza. Mama Kageha wa uji wa wimbi?"

"Huyo huyo."

"Mimi nimelelewa kwa huo mkeka! Na kulikuwa na katoto kake, kalikuwa kananyang'anya watu kikombe halafu kenyewe ndiko kanalia. Ai! Si ni wewe!"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Ningefanya nini? "Ni mimi," nikamjibu, "na kikombe kilikuwa chetu."

Mama Otieno alicheka hadi akajifuta macho kwa kitenge. "Basi sawa. Ukituhepa tunajua pa kukushtaki. Jumatatu namleta wangu."

Naye alimleta, na wengine wakamfuata, na fundi wa makochi akatafuta ukumbi kwingine. Tangu siku hiyo kila mzazi aliyeniletea mtoto nilimjulisha kwanza mimi ni wa nani, kisha nikamwomba anifundishe wimbo mmoja anaomwimbia mtoto nyumbani. Nikawa na nyimbo za Kijaluo, za Kikuyu, za Kikamba, na za Wanubi wa Kibera. Watoto waliohamia jana kutoka mashambani walinyamaza kulia waliposikia za kwao. Mahali pengine Nairobi hukupata nasari kama ile, nami sitangoja mwingine aseme.

Basi, mwanangu, soma, na cheti chako kitundike, usikifiche, umekitolea jasho. Ila mzazi hakiachii cheti mtoto wake. Humwachia mtu mwenye kwao. Jitambulishe kwa waliokuzaa kabla ya waliokufundisha. Waliokulea wakiwa hai, wataje nao wasikie. Wakiwa wametangulia, wataje zaidi.

Mungu akupe sauti isiyokauka na magoti yasiyochoka kuinama. Akupe mikono ambayo mama ataiachia mtoto wake alfajiri, aende kazini, asigeuke nyuma.