Mmoja Aende, Mmoja Aje

Siku ile nyumbani kwetu Kasongo walikuwapo hawa: mimi, mdogo wangu wa kike anayesomea uuguzi chuo kikuu, baba mdogo aliyetoka Kabambare kwa pikipiki, vumbi bado kwenye kope, mama jirani ambaye ni Mwislamu mwenye duka la chumvi na sabuni, na mwalimu wa chuo hicho cha mdogo wangu.

Wazazi wetu walifariki nikiwa bado shuleni. Niliacha masomo nikalima mpunga Lusangi ili mdogo wangu asiache yake.

Mwalimu alieleza kwamba chuo kimepatana na chuo kimoja cha Tanzania, ng'ambo ya ziwa. Mwanafunzi mmoja aende, mmoja aje. Wetu atakaa kwa wazazi wa mwenzake, na mwenzake atakaa kwetu. Tukikataa kupokea, mdogo wangu haendi.

Baba mdogo alitikisa kichwa. "Mutoto wa watu akishikwa na homa humu, nani atajibu kwa wazazi wake? Iko mimi. Nakataa."

Mama jirani akacheka. "Baba, mutu anakuja kujifunza kuuguza, wewe unaogopa ataugua?"

"Hata munganga anaumwa."

"Basi akiumwa nitajibu mimi. Wewe rudi Kabambare ukaogope mbuzi zako."

Baba mdogo mwenyewe alicheka, akakubali.

Mdogo wangu akavuka ziwa, na binti wa Tanzania akaja kwetu, tukala naye sombe, mboga ya majani ya mhogo, tukampenda. Hospitalini alikojifunza kazi alishangaa kuona ndugu wa wagonjwa wanalala sakafuni, wanapika, wanawaosha watu wao. Kwao, saa ya kutazama wagonjwa ikiisha, ndugu hutoka. "Yaya, hawa wanatuzibia njia," aliniambia, akiniita mkubwa wake kama mdogo wangu anavyoniita.

Kisha malaria ikamwangusha. Mama jirani alifunga duka, akabeba mkeka, akalala kando ya kitanda chake wodini, akimnywesha uji kwa kijiko mpaka homa ikashuka. Binti aliporudi kazini nilimkuta amepiga magoti sakafuni, anawaonyesha ndugu namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza.

Mdogo wangu naye alirudi salama. Anasema mama wa yule binti alimwekea chakula cha moto kila alipotoka zamu, na alipolia kwa kutukumbuka alimlaza chumbani mwake. Mama jirani nimemlimia shamba, ingawa hunikemea nikimshukuru. Yule mama wa ng'ambo sijamwona hata uso. Amemlea mtoto niliyemlea mimi, na bado sijamchotea hata maji ya kunawa.