Jina Nililolitaja Kliniki

Watu mtaani wanasema mdogo wangu aliacha mpira kwa kuringa. Waongo wakubwa! Hakuacha, aliachishwa, na aliyemwachisha ni mimi kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti.

Tulimwita Kiberenge. Akishika mpira pembeni, beki anabaki ameshika kiuno. Alikuwa na miaka ishirini na miwili tu, na klabu kubwa ilishamtaka. Mama alikuwa anatembea kifua mbele sokoni.

Basi siku moja akaanguka mazoezini. Puu, chini, bila kuguswa na mtu. Nikampeleka hospitali mwenyewe. Daktari akatueleza taratibu kwamba msuli wa moyo umenenepa, akikimbia sana moyo unaweza kusimama. "Mpira basi, kijana." Alilia njia nzima, nikamwahidi kwamba mama hatajua.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya klabu: aende kliniki yao kupimwa, ndipo asaini mkataba. Akanifuata karakana, miwani ya kuchomelea bado iko usoni mwangu.

"Kaka, nenda wewe."

"Niende wapi?"

"Kupimwa. Tunafanana kama tumekatwa kwenye bati moja, na barua haina picha. Mara moja tu, kaka. Sitakuomba kitu tena."

Nikamwambia amerukwa na akili. Akapiga magoti kwenye vumbi la chuma, mwanamume mzima. Ningefanyaje? Nilimlea tangu baba alipofariki, kumnyima kitu sikuwahi. Nikakubali, Mungu anisamehe.

Kule kliniki nikavua shati. Nesi, mama mmoja mcheshi, akanibandika nyaya kifuani.

"Mchezaji gani wewe una kitambi?"

Nikachekacheka. Mashine ikatoa karatasi yake, akaitazama, akasema moyo hauna neno, imebaki fomu tu. Akawa anauliza huku anajaza. Unavuta sigara? Umewahi kulazwa? Kisha, bila hata kuinua macho, "Kuna mtu katika familia aliyekufa ghafla?"

Jamani. Baba alikufa ghafla. Alikuwa anapandisha tangi la maji juu ya paa, akasema ngoja nipumzike kidogo, akakaa kwenye ngazi, basi. Miaka thelathini na sita. Mimi ndiye niliyemshika bega, nikidhani anatania.

"Kijana, nakuuliza. Mtu wa hivyo yupo au hayupo?" nesi akasema.

Nilitaka kusema hayupo. Mdomo ukagoma. Nikamtajia jina langu halisi, nikamwambia mwenye moyo mbovu yuko nyumbani, anapiga pasi suruali ya kuvaa siku ya kusaini.

Mkataba ukafa siku ileile. Kiberenge hakunitukana, na heri angenitukana. Alikunja godoro lake, akaondoka chumbani kwetu, na mpaka leo mama ananiuliza, "Mmegombania nini nyie?"

Sasa ni mwaka wa sita. Mdogo wangu ni kinyozi, mtaa wa tatu kutoka kwangu. Ana mke, ana mtoto anayetambaa, anameza dawa zake. Tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Mwezi uliopita nikajikaza, nikaingia kibandani kwake, nikapanga foleni kama wengine, nikakaa kwenye kiti chake. Akaninyoa kimya, tena vizuri, mpaka nyuma ya masikio. Uvumilivu ukanishinda.

"Ungekufa, mdogo wangu."

"Najua," akasema. "Hata siku ile nakuomba nilijua."

"Sasa ulitaka nifanye nini?"

"Sikukutuma ukaniokoe. Nilikutuma ukapimwe."

Akanipangusa shingo, akamwita mteja aliyefuata.

Nilisimama nje pale kwa muda, nikimsikia humo ndani anacheka na huyo mteja, kicheko chake kilekile cha zamani. Nikirudishwa kliniki hata kesho nitasema vilevile. Lakini naumia, jamani, naumia kweli.