Kuna Mtu Jikoni

Nyumba yangu ya Soweto, Mbeya, niliifunga umeme mwenyewe, kuanzia kwenye mita hadi balbu ya choo cha nje. Silisemi hili kwa kujisifu, ila wapo majirani wanaodhani nilisaidiwa. Nina stashahada ya umeme, na kwa miaka sita nilikuwa fundi katika maghorofa ya Uarabuni, ambako pazia hujifunga lenyewe jua likikaza. Nilirudi na begi moja la nguo na mawili ya vifaa.

Kazi yangu kubwa kuliko zote ni arifa. Kila chumba nilikiwekea sensa, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachogundua mtu akipita. Kikimgundua, taa inawaka, kisha redio inaanza kuimba ili mwizi adhani wenyewe wapo, na simu yangu, popote nilipo, inatangaza kwa sauti. Maneno ya tangazo niliyaandika mimi. Sauti nilichagua ya mwanamke, tulivu, kama ya msoma taarifa ya habari. Na sensa nilizikaza kiasi kwamba hata mwizi atambae kwa tumbo, zitamwona.

Siku ya kupeleka posa Iringa, alfajiri nzima nilikuwa nazijaribu sensa hizo chumba kwa chumba, huku baba mdogo, ndiye mshenga wetu, akipiga honi nje. Tulipofika Makambako ndipo aliponiuliza, "Jogoo umemweka wapi?"

Jogoo mweupe, zawadi ambayo mama aliitoa kijijini kwa ajili ya wakwe, nilikuwa nimemwacha kwangu, amefungwa kamba kwenye mguu wa meza ya jikoni.

"Stashahada yote hiyo," alisema baba mdogo, "halafu unasahau kuku."

Tukafika Mafinga. Hapo akaniambia, "Tutasema anaumwa. Wewe usiseme kitu, usiinuke. Hata ukiulizwa jina lako, nitajibu mimi."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mshenga anaongea, mwoaji anakaa kama picha ya ukutani.

Tulipokelewa vizuri, salamu za Kihehe, kamwene huku na kamwene kule. Simu yangu ilikuwa imezima tangu Mbeya kwa majaribio ya alfajiri, wakaiwasha na kuichomeka kwenye soketi iliyo nyuma ya kiti cha shangazi wa binti. Shangazi huyo ndiye aliyemlea, na tulikuwa tumeonywa: baba mtu atatabasamu, lakini jibu litatoka kwa shangazi. Binti mwenyewe alikaa mkekani, macho chini. Miaka miwili nilikuwa nimembembeleza hadi akakubali nije. Shangazi akikataa, basi.

"Zawadi ya jogoo iko njiani," baba mdogo alisema. "Ameshikwa na mafua, tumemwacha Makambako kwa bwana mifugo."

"Kwa bwana mifugo," shangazi alirudia, polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

"Na kijana wetu mnamwona. Ana nyumba Soweto, anaishi peke yake, hanywi. Ukimwacha mama yake, mwanamke hajawahi kukanyaga pale."

Nyuma ya kiti, sauti tulivu ikasema: "Nyumba ya Soweto. Kuna mtu jikoni."

Shangazi aligeuka kutazama nyuma ya kiti chake.

"Taa ya jikoni imewashwa."

"Ni redio hiyo," baba mdogo alisema.

"Redio ya jikoni imewashwa."

"Huyo mtu," shangazi alisema, "anajisikia yuko kwake kabisa."

Nilitaka kuinuka, baba mdogo akanikanyaga mguu. Nilijua ni jogoo. Lakini nikisema ni jogoo, mshenga wangu ni mwongo. Nikinyamaza, nina mwanamke. Nilikuwa bado napima la kusema, sauti ile ilipoendelea, bila haraka yoyote: "Nyumba ya Soweto. Kuna mtu chumbani."

Binti aliinua macho kwa mara ya kwanza. Sijawahi kuangaliwa vile, hata na polisi wa uwanja wa ndege.

"Taa ya chumbani imewashwa."

"Anataka kulala," alisema baba mkwe. Hakuwa anatabasamu tena.

Shangazi alichomoa simu na kuniwekea mkononi. "Kijana, hii si ina kamera? Fungua tumwone dada huyo."

Nilifungua. Jikoni hapakuwa na mtu, taa tu na redio. Chumbani sikuweka kamera, mimi ni mstaarabu, lakini ipo ya kwenye korido inayotazama mlango wa chumba. Mlango ulikuwa nusu wazi. Tukakusanyika ukoo mzima juu ya kioo kile, shangazi kaegemea bega langu, tunausubiri mlango. Intaneti ikakwama. Ikarudi.

Akatoka jogoo. Alitoka taratibu, kamba ikiburuzika mguuni, akasimama katikati ya korido, akajikung'uta.

"Bwana mifugo wa Makambako," shangazi alisema, "ana nyumba nzuri."

Baba mkwe alicheka hadi akashika ukuta. Baba mdogo aliinamisha kichwa akaomba radhi kwa Kiswahili na Kinyakyusa. Mimi, utaratibu au si utaratibu, nilisema: "Shangazi, mfumo haukukosea hata mara moja. Neno 'mtu' ndilo nililoliandika vibaya."

"Mshenga ametudanganya, simu yako imekataa kudanganya," alijibu. "Nitaiamini simu. Mtarudi na jogoo huyo huyo, sura yake nimeishika. Na hizo arifa nami niwekewe kwenye simu yangu, nijue binti yangu anaishije."

Nilikubali nikifurahi, na nikamwekea kwa ustadi mkubwa. Jogoo alifika Iringa wiki iliyofuata, shangazi akamgeuza huku na huku kabla ya kumpokea, na tukaoana.

Jana jioni tulikuwa tumekaa sebuleni, simu ya mke wangu ikaita, akaipokea kwa spika. Alikuwa shangazi, kutoka Iringa.

"Mwanangu, saa moja na nusu hii na taa ya jikoni haijawaka. Huyo fundi wako leo anakulisha nini?"

Niliinuka mwenyewe nikaenda jikoni. Taa ikawaka, redio ikaanza, na kwenye ile simu nikamsikia shangazi akipumua kwa kuridhika.